Masaji ya nyonga kwa mama kijacho: nimejaribu ya spa, ya bibi na hii ya kuja nyumbani

Nianze na bei maana najua ndo mnayoisubiri. Elfu hamsini kwa saa moja, dada mchuaji anakuja mwenyewe kwako na mafuta yake na mataulo, nauli ya bajaji unaongeza wewe kama unakaa mbali na Kimara. Sio hela ndogo. Mume wangu nilivyomwambia alikaa kimya kwanza afu akauliza kwahiyo kuchuliwa mgongo saa moja ndo elfu hamsini? Ndio baba watoto. Mtaona hapa wapi ile hela imeenda kihalali na wapi naona kabisa dada anatupiga, maana masaji ya mimba saivi imekuwa fasheni, kila saluni imebandika bango la mdada mwenye tumbo zuri na mshumaa pembeni, ila ukienda na nyonga inayouma kweli kweli ndo unajua nani anajua kazi na nani anajua kuwasha mshumaa.

Jina lake siweki. Asubuhi ana kazi yake hospitali, ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli, kasomea hospitali ya KCMC kule Moshi, hii ya majumbani anaifanya jioni na sitaki kumchongea kwa mwajiri. Spa nayo siitaji. Chukueni hii kama maoni ya huduma yenyewe, ili hata ukimpata mwingine huko Mbagala au Tegeta ujue unalipia nini.

Kwanza tuelewane ni maumivu gani, maana kuna wanaosoma wakidhani naongelea mgongo ule wa kuchoka. Yangu yalianza wiki ya 22 hivi, mbele kabisa kwenye mfupa wa kinena, nikigeuka kitandani usiku nasikia kitu kinasaga, nikivaa chupi nimesimamia mguu mmoja machozi yananitoka, na ile ngazi ya kwanza ya daladala ndo usiseme, ikabidi nihamie mwendokasi na huko nako ni kusimama kuanzia Kimara mpaka Posta. Baadae ikaja na ya nyuma, upande wa kulia juu ya kalio, inashuka pajani. Kufika wiki ya 28 natembea kama bata na ofisini wanadhani nadeka.

Kliniki nesi akaniambia kawaida ya mimba hiyo mama, vumilia. Ni kawaida kweli, kama mjamzito mmoja kati ya watano anaipata, ila malaria nayo ni ya kawaida Dar na hatuambiwi tuvumilie. Nilipobanana na daktari ndo akaniandikia niende kwa watu wa fiziotherapia hapo hapo hospitali, na huko nikakutana na kaka mmoja mpole ambaye kwa dakika ishirini alinielewesha kuliko miezi yote ya kliniki. Fupanyonga lina maungio matatu, mawili nyuma kulia na kushoto, moja mbele pale kinenani. Mimba ikikua kano zinalegea, uzito unahama, misuli inayoshika yale maungio inachoka au inakaza vibaya upande mmoja, basi ungio moja linasogea tofauti na mwenzake na kila ukisimamia mguu mmoja linavutwa. Wengi tunaambiwa ni homoni tu, yeye akasema homoni zinachangia ila zingekuwa peke yake wajawazito wote wangeumwa, manake wote wanazo. Mtoto haumii kwa hilo, hilo alilirudia maana aliona nimeshaanza kulia.

Afu akanifanyia kipimo ambacho nawashauri muombe. Unalala chali kidogo, unanyoosha miguu, unajaribu kunyanyua mguu mmoja juu kama shubiri moja bila kukunja goti. Wa kulia ulikataa. Nausukuma kwa akili yote haunyanyuki. Akaja akabana nyonga zangu kwa viganja vyake viwili pande zote mbili, akasema nyanyua sasa. Ukanyanyuka! Nikamwangalia, nikasema kaka umefanya nini. Akasema sijafanya kitu, nimeshika tu kile ambacho misuli yako haishiki saivi. Hapo ndo nilijua tatizo sio mfupa umevunjika wala nini, ni mshiko.

Akanipa mazoezi mepesi na kunionyesha kufunga kanga. Sikilizeni hii maana mikanda ya nyonga ya kutoka nje ni ghali na mingi madukani ni ya kubeba tumbo, sio ya nyonga. Unakunja kanga kwa urefu mpaka iwe pana kama kiganja, unaifunga chini kabisa ya tumbo, inapita juu ya makalio na kwenye mifupa ya pembeni ya mapaja, unakaza kiasi cha kusikia umeshikwa lakini unapumua. Sio kiunoni na sio juu ya tumbo. Hii ilikuwa bure na kiukweli ndo ilinifanya niendelee kwenda kazini. Nikamuuliza na masaji je? Akasema sisi hapa foleni ndefu hatufanyi ya saa nzima, tafuta nje ila atakayekushika akuulize maswali kwanza, asipouliza ondoka.

Basi nikaenda spa, kabla hata ya huyu dada. Pazuri, harufu nzuri, maji ya limao, muziki wa ndege wanalia. Elfu tisini. Hamna mtu aliyeniuliza mimba ina wiki ngapi wala kama niliwahi kutokwa damu wala presha ikoje, swali pekee lilikuwa napenda lavenda au mchaichai. Wana kitanda chenye tundu la tumbo, unalala kifudifudi tumbo linaning'inia humo, mwanzo raha sana kwa sababu nilikuwa nimesahau kulala kifudifudi kunafananaje, ila baada ya dakika kumi nikaanza kusikia kiuno kinavutwa chini. Afu binti akanitanua miguu ili achue mapaja ya ndani. Mtu mwenye maumivu ya kinena ukimtanua miguu! Nilipiga kelele mpaka wa chumba cha pili wakanyamaza. Binti hana kosa, hajafundishwa, ila mwenye spa ameandika prinato masaji, yaani masaji ya wajawazito, kwenye bango kwa herufi za dhahabu. Ukitaka kupumzika na kupigwa upepo nenda, mgongo wa juu na mabega walinichua vizuri tu. Kwa nyonga hapana.

Mama mkwe aliposikia nimelipa elfu tisini kwa watoto wa mjini alichukia, akasema kwani Tanga hakuna watu? Akamleta bibi mmoja, mkunga wa zamani, amezalisha watu mpaka wamezalisha wengine. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, lala tukuone. Na niseme ukweli, mikono ya yule bibi ni mizuri kuliko ya spa mara kumi. Mafuta ya nazi kayapasha kidogo, kaanza na nyayo, kapanda, kiuno amekipata pale pale bila kuuliza. Shida ikaja kwenye tumbo. Bibi anataka kulichua, kumweka mtoto sawa, anasema kinachouma ni mtoto kakaa vibaya kakandamiza. Nikamwambia bibi yangu tumbo naomba tuliache, kliniki wamenikataza. Akasema hao wa kliniki wamezaliwa na mikono hii hii. Mama mkwe kanikodolea macho.

Sasa hapa najua nagusa watu wengi maana kuchua tumbo kwetu pwani ni kitu cha siku zote na wengi mtasema mama zetu walichuliwa wakatuzaa. Ila kusukuma tumbo kwa nguvu kunaweza kulibandua kondo la nyuma kabla ya wakati na hiyo ni damu, yako na ya mtoto, na bibi hata awe na mikono ya dhahabu hana njia ya kujua kondo limekaa wapi. Kugeuza mtoto kupo hata hospitali, lakini wanafanya wakiwa na utrasaundi, wanasikiliza mapigo ya mtoto na chumba cha upasuaji kiko karibu. Nilichofanya mie nilimwomba bibi anichue miguu na mgongo, nikamsifia sana, nikamfungia kanga na sabuni na hela ya nauli, mama mkwe akalainika. Kama una bibi wa hivi msimfukuze, mwelekeze tu.

Haya tuje kwa mwenyewe.

Namba yake nilipewa na yule kaka wa hospitali. Nilipompigia nikadhani naomba visa. Wiki ngapi? Mimba ya ngapi? Mmoja au mapacha? Umewahi kutokwa damu mimba hii? Kwenye utrasaundi walisema kondo limekaa wapi, juu au limeziba njia? Presha? Sukari? Kuna mguu mmoja umevimba kuliko mwingine? Ukikojoa inachoma? (hiyo ya mkojo nilishangaa, kumbe UTI nayo inaleta maumivu ya chini ya tumbo na watu wanachuliwa wiki nzima wakati wanahitaji dawa.) Akaniambia pia chini ya wiki 12 yeye hachui kabisa, sio kwamba kuna mtu amethibitisha masaji inatoa mimba, ila mimba nyingi zinazoharibika zinaharibika kipindi hicho na hataki lawama. Nilipenda alivyosema hivo wazi bila kunitisha.

Alipofika kitu cha kwanza aliomba kadi ya kliniki, akaisoma kweli sio kuipeperusha, akatoa kimashine akanipima presha. Afu akaulizia mito. Mito! Nyumba nzima tulikuwa na mito miwili na mmoja wa mtoto, ikabidi tuvamie makochi, tukakunja na vitenge. Unalala ubavu wa kushoto, mto mmoja wa kichwa, mwingine unaukumbatia, kidogo chini ya tumbo kulishikilia lisivute, na mrefu kati ya miguu kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo. Sio gotini tu jamani, mpaka kifundoni, mguu wa juu uwe usawa mmoja, maana ukiacha unyayo unaning'inia nyonga inajizungusha usiku kucha. Hiyo peke yake nilianza kuifanya usiku ule ule. Na kulala chali, kuanzia wiki ya 28 wanashauri ulale ubavu, kwahiyo kitandani kwangu hiyo mito haijatoka tena, mume wangu amehamia pembezoni kabisa.

Akaanza kiunoni, pembeni ya uti wa mgongo sio juu yake, mikono yote miwili, polepole mpaka nikaanza kusinzia. Afu akashuka kwenye vile vishimo viwili juu ya makalio, na hapo ndo nikaacha kusinzia. Akasema niambie kwa namba, sifuri hadi kumi, ikizidi tano nipunguze. Hatumii kidole gumba, anatumia mkono, ile sehemu laini ya chini ya kiwiko, analaza pale kwenye nyama ya kalio na anakaa. Hasugui. Anakaa tu na uzito wake kidogo kidogo, wewe unapumua, baada ya muda unasikia msuli unaachia wenyewe. Kuna sehemu moja katikati ya kalio la kulia alipogusa nikasikia mpaka kwenye kinena mbele, nikasema ndo hapo hapo dada, akasema najua.

Umeme ukakatika katikati. Joto la Dar unalijua, feni imezima, mafuta ya nazi mwilini, mimba ya wiki 29. Yule dada akamwomba mwanangu alete kipande cha boksi, mtoto akasimama anapepea, kazi ikaendelea.

Mapaja alichua ya nje kwa muda mrefu. Ya ndani aligusa juu juu, magoti yakiwa yamebana mto, hakutanua chochote. Miguu chini ya goti alipitisha mikono mepesi kwenda juu tu, hakubonyeza, akasema damu ya mjamzito inaganda kwa urahisi kuliko ya mtu wa kawaida na msuli wa nyuma ya mguu sio sehemu ya kubonyeza kwa nguvu. Kugeuka kwenda ubavu mwingine kulikuwa somo zima: bana magoti, kaza makalio kidogo, toa pumzi, geuka mabega na nyonga kwa pamoja mara moja. Sikusikia ule msago. Nimegeuka miezi miwili vibaya kumbe.

Na kwenye mfupa wenyewe wa mbele, ule unaoniliza, hakugusa hata kidogo. Nilimuuliza maana nilihisi naibiwa, hapa ndo panauma na hapa hukushika. Akasema hapo panalia tu, wanaovuta wako nyuma na pembeni, nikiminya hapo nitakuongezea. Nikaona sawa, ila moyoni nikasema tutaona usiku.

Usiku nililala. Sijui niandike vipi mkaelewa, nililala mpaka adhana. Siku inayofuata makalio yalikuwa yanauma ile ya kufanya mazoezi, siku ya pili nilikuwa vizuri sana, nikapanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Siku ya tatu jioni ikaanza kurudi. Ndo hivo wapendwa, inarudi. Anayekuambia masaji inatibu hii kitu anataka hela yako. Hata ule mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2008 kuhusu maumivu ya nyonga wanasema masaji inaweza kusaidia ikiwa ndani ya matibabu mengine, mazoezi na maelekezo, ila hawaipendekezi ikae peke yake kama ndo tiba. Dada mwenyewe aliniambia hivo hivo kabla sijalipa, na ukiona mfanyabiashara anakuambia bidhaa yake haitoshi ujue kidogo unaweza kumwamini.

Kwahiyo elfu hamsini mie nahesabu imeenda kwenye dakika kumi na tano za mwisho. Alimwita mume wangu, akamfundisha kubana nyonga kwa viganja kama alivyofanya yule kaka, na kukandamiza kalio kwa mpira wa tenisi mie nikiwa nimesimama nimeegemea ukuta. Mume wangu ni fundi aluminiamu, ana mikono mizito, mara ya kwanza nusura anipitishe ukutani, ila amejifunza na saivi kila jioni anafanya huku anaangalia mpira, Yanga wakifungwa anabana zaidi. Hiyo huduma ni bure na ipo kila siku.

Afu akazunguka na mimi nyumba. Vaa nguo zote umekaa, hata chupi. Ngazi panda kwa mguu usiouma kwanza, mwingine unaufuata kwenye ngazi hiyo hiyo, usipishanishe. Ukiingia kwenye bajaji au gari tanguliza makalio, kaa, ndo uingize miguu yote miwili imebanana. Mtoto mkubwa usimbebe kiunoni upande mmoja. Ndoo kubwa ya maji acha, beba vidogo viwili kila mkono kimoja, au mwache baba abebe. Kudeki kwa kuinama na tambara futa, nunua deki la mpini. Usiku vaa gauni la satini, linateleza na kugeuka kunakuwa rahisi. Vitu vidogo vidogo ila nilikuwa navifanya vyote kinyume, na sidhani kuna masaji duniani ingeshindana na mtu anayepandisha mtoto wa miaka mitatu kiunoni asubuhi na jioni.

Kingine ambacho sijaona mtu anakiongelea ni kujifungua. Alinilaza, akaniambia tanua magoti mpaka pale panapoanza kuuma, simama, akapima kwa tepu ya fundi cherehani umbali wa goti hadi goti, akaandika kwenye karatasi nibandike kwenye kadi. Ili siku ya siku manesi wasinitanue kupita hapo, hasa kama umechomwa ganzi maana hutasikia unavyoumia, na waniruhusu kuzaa nimelala ubavu au nimepiga magoti na mikono badala ya kulala chali miguu juu. Nilipeleka karatasi kliniki nikidhani watanicheka. Mmoja alicheka, mwingine akaisoma na kuipigia stepla. Muulize wa kwako akupimie.

Sasa makosa, maana nyota ninazompa ni nne sio tano. Anachelewa. Foleni ya Morogoro Road sawa, lakini piga simu basi, mie nimeshaoga nimekaa na taulo lisaa lizima. Hana kitanda cha kubeba, kwahiyo kama godoro lako liko chini utachuliwa chini na kunyanyuka hapo ni maumivu mapya, tulihamia kitandani ila anainama na yeye anachoka, unaona kabisa dakika za mwisho mkono unalegea. Simu yake inaita. Mara moja akapokea kwa bega huku ananichua, nikavumilia, mara ya pili nikamwambia dada yangu hii saa nimeilipia, akaizima akaomba radhi. Hatoi risiti, kwahiyo bima usahau, wakati ya hospitali kwa yule kaka bima yangu ililipa yote. Na mwishoni anatoa kichupa cha mafuta ya michirizi elfu kumi na tano, ni nazi na ufuta, naijua harufu, Kariakoo napata lita. Hapo ndo anatupiga.

Kisa kimoja kitawaonyesha yeye ni mtu wa aina gani. Jirani wa chini naye mjamzito, alivyosikia akasema dada akitoka kwangu apitie kwake, mguu wake wa kushoto umevimba unauma achuliwe. Dada alishuka, akaangalia, akashika, mguu ule una joto kuliko mwenzake, akasema simchui huyu mtu, aende hospitali usiku huu huu. Jirani akanuna, mume wake akasema huyu anataka hela zaidi. Wakaenda kwa shingo upande, wakapigwa utrasaundi ya mguu, hamna kitu, damu haijaganda, ni kuvimba tu. Mpaka leo jirani anasema alipotezewa usiku na hela ya vipimo. Mie naona kinyume kabisa, mtu kaacha elfu hamsini mezani kwa sababu hakuwa na uhakika, na kama ingekuwa damu imeganda akaichua ikapanda kwenye mapafu tungekuwa tunaongea mengine. Ukiwa na mguu wa hivo, au unatokwa damu, maji yamepasuka, tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, homa, kichwa kinapasuka macho yanaona maluweluwe na uso umevimba, au mtoto amepunguza kucheza, usimpigie mchuaji yeyote, nenda hospitali.

Na dawa, maana najua kuna mtu anameza saivi. Diklofenaki na ibuprofeni duka la dawa watakuuzia bila kuuliza tumbo hilo ni la nini, sio za mjamzito, na Marekani 2020 walitoa onyo kabisa ziepukwe kuanzia wiki ya 20 kwa sababu ya figo za mtoto na maji ya uzazi. Hata zile jeli za kuchua zenye diklofenaki na krimu zinazochoma, dada hatumii, anatumia nazi tu isiyo na manukato. Mie nilipewa panadol na daktari na niliinywa siku mbaya tu.

Nilikuwa namwita wiki hadi wiki, baadae nikapunguza maana mume ameshajua kubana na kanga nimeshajua kufunga, saivi namwita nikiona wiki imenizidi, mfano ile wiki ya kufunga mahesabu ofisini. Kama hela ni ya mara moja tu, usiitumie kwa kuchuliwa saa nzima. Mwambie kabisa kwenye simu nusu saa anichue, nusu saa anifundishe na mume awepo, alikubali kwa jirani yangu mwingine kwa bei hiyo hiyo. Jioni za Ijumaa anajaa, Jumapili hafanyi, ana kwaya. Na mito iandae mapema, minne, msije mkavua makochi mbele ya mgeni.